Kamati ya Uzinduzi wa Madirisha

"Kwa amri ya Mkuu wa Gereza la Makobeni, watu wote wa gereza hili, walio kazini na walio kifungoni, wanaarifiwa kwamba hewa safi itaanza kuingia rasmi katika Bweni la Pili mara tu Mgeni Rasmi atakapopatikana. Hadi siku hiyo, hewa iliyopo itumiwe kwa uangalifu."

Ilani hiyo ilibandikwa ubaoni Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Aprili, saa mbili kamili asubuhi. Mkuu wa Gereza mwenyewe, Bwana Abdulwahab, alisimama mbele yake, mikono nyuma, akaisoma mara tatu kana kwamba ameandikiwa na mtu mwingine. Hakuona kosa. Aliona, kinyume chake, kwamba neno "rasmi" limekaa mahali pake, naye alikuwa mtu wa kufurahishwa na neno lililokaa mahali pake.

Bwana Abdulwahab alikuwa amelitumikia jeshi la magereza kwa miaka thelathini na minne, na sasa alibakiwa na miezi tisa kabla ya kustaafu. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuchelewa gwaride wala kuvaa kofia upande. Lakini hakuwa na jiwe. Kutoka Ukunda hadi Msambweni, watu wa rika lake walikuwa na majina yao kwenye mawe ya uzinduzi: huyu kwenye tangi la maji, yule kwenye darasa la chekechea. Hata Rai, aliyeketi naye dawati moja na kunakili hesabu zake hadi darasa la saba, jina lake lilikuwa limechongwa kwa herufi za dhahabu kwenye ukuta wa choo cha soko, upande wa wanaume. Bwana Abdulwahab alipita hapo kila Ijumaa akienda kuswali, na kila Ijumaa roho ilimwuma upya.

Sasa jiwe lake lilikuwa njiani, nalo lilikuja kwa njia asiyoitarajia: kikohozi cha mfungwa.

Mfungwa huyo aliitwa Kombe, seremala wa upande wa Mackinnon Road, aliyefungwa mwaka na nusu kwa kukata miti asiyoruhusiwa kuikata. Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa amekohoa kwa wiki tano. Katika Bweni la Pili hiyo haikuwa habari. Bweni lilijengwa kwa watu arobaini na lililaza mia moja na kumi na wawili, kila mmoja akivuta pumzi iliyomalizwa na jirani yake. Zamani kulikuwa na matundu ya hewa karibu na dari, lakini yalizibwa kwa saruji mwaka ambao mfungwa mmoja, mwembamba kupita kiasi, alitorokea humo. Ripoti ya tukio hilo ilisema wazi kwamba hewa ilishirikiana na mkosaji.

Muuguzi wa gereza, binti wa Gazi aliyeitwa Husna, alichukua makohozi ya Kombe akayapeleka maabara, na jibu likarudi: kifua kikuu. Alimwanzishia dawa siku ile ile, akamtenga katika banda la makuti kando ya shamba la mihogo, banda lenye paa na lisilo na kuta. Kisha akaingia bwenini na chetezo.

Alitia makaa, akatia ubani, akakiweka katikati ya sakafu, akasimama kando akitazama. Ni njia rahisi ya kujua kama chumba kinapitisha hewa: moshi ukichukuliwa, hewa inatembea, moshi ukibaki, hewa imekufa. Moshi ule ulipanda hadi usawa wa vichwa vya watu, ukasimama. Nusu saa baadaye ulikuwa ungali pale pale, kana kwamba nao umehukumiwa.

Bwana Abdulwahab alichungulia mlangoni, akavuta harufu, uso ukamchangamka.

"Maashallah! Hapo umefanya la maana, binti. Mahali pasipofukizwa hapana baraka."

"Sifukizi, mzee. Napima."

"Na kipimo kinasemaje?"

"Moshi hautoki."

"Basi umepapenda."

"Mzee, moshi usipotoka, na kikohozi cha Kombe hakitoki. Wanakivuta wote. Naomba madirisha."

Husna alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya mwaka mzima. Alishangaa kuona ombi lake likikubaliwa kabla chetezo hakijapoa. Hakujua kwamba neno lile lilikuwa limewasha taa kichwani mwa mkubwa wake. Dawa, hata iwe nzuri namna gani, haizinduliwi. Mtu akimeza kidonge, hapana mahali pa kubandika jiwe. Lakini dirisha lina ukuta, na ukuta unapokea jiwe.

Fedha za mbao zikapatikana kwa kasi ambayo haijapata kuonekana Makobeni. Mwezi wa pili wa dawa, Husna alipothibitisha kwamba Kombe hawezi tena kumwambukiza mtu, Kombe alirudi kwenye karakana ya useremala na wenzake watano, wakatengeneza madirisha kumi na mawili: mapana, yenye nondo kwa usalama na mabamba ya mbao yanayofunguka kwa nje. Yakapachikwa. Yakapigwa msasa na vanishi. Bweni zima likapakwa rangi ya maziwa. Kisha madirisha yakafungwa, kila moja likazungushiwa utepe wa manjano na kutiwa lakiri.

Husna alikwenda ofisini siku iliyofuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

"Madirisha yako tayari. Naomba yafunguliwe."

Bwana Abdulwahab aliweka kalamu chini polepole, kama mtu aliyetukanwa na akaamua kusamehe.

"Yafunguliwe na nani?"

"Na yeyote mwenye mkono."

"Hapo ndipo vijana mnapokosea. Likifunguliwa leo na yeyote mwenye mkono, Mgeni Rasmi atakapokuja atazindua nini?"

"Atazindua mlango."

"Mlango umekwisha kutumika."

"Basi ayazindue yakiwa wazi. Atatuambia yamefunguliwa, nasi tutampigia makofi."

"Husna! Bibi arusi huonyesha uso mtaani kabla ya siku yake?"

"Bibi arusi haambukizi kifua kikuu, mzee. Watu mia moja na kumi na mmoja watalala mle ndani usiku wa leo, na hewa ni ile ile."

"Hilo nimelifikiria." Bwana Abdulwahab alichukua waraka uliokwisha kupigwa muhuri. "Hawatalala mle. Rangi ni mpya, na wafungwa wana mikono. Kuanzia leo watalala bandani pamoja na Kombe, hadi uzinduzi. Banda lirefushwe, lizungushiwe waya, askari wawekwe zamu."

"Banda lile lisilo na kuta? Wote?"

"Najua ni adhabu kali. Lakini ni ya muda."

Husna aliinama akatazama viatu vyake, kwa kuwa hakuuamini uso wake.

"Kama ni amri, mzee," alisema, "nitaitii."

Kamati ya Uzinduzi wa Madirisha iliundwa wiki hiyo hiyo. Ilikuwa na wajumbe tisa, akidi ya watano, Mwenyekiti ambaye ni Bwana Abdulwahab, na chumba chake maalumu. Chumba hicho kilikuwa ghala la silaha la zamani: kuta nene, mlango mmoja wa chuma, bila tundu hata la sindano. Mwenyekiti alieleza kwamba mambo ya madirisha ni nyeti, na hayawezi kujadiliwa mahali ambapo mtu wa nje anaweza kuyasikia. Kilitiwa kiyoyozi kilichozungusha hewa ile ile ikiwa baridi, na pazia zito jekundu lilitundikwa mahali ambapo dirisha lingekuwapo.

Tena, kwa kuwa alikuwa ameona kwa macho yake jinsi wataalamu wa afya wanavyopambana na kifua kikuu, Mwenyekiti aliamuru kila kikao kianze kwa chetezo. Mlango ulikomewa, ubani ukatiwa, moshi ukapanda, ukatanda juu ya meza, ukatulia.

"Mnaona?" alisema kwa fahari. "Hauondoki. Hata moshi unaheshimu kikao."

Chetezo kilikuwa chini ya Bwana Swabir, mtunza ghala, aliyeandikwa kazi siku moja na Mwenyekiti. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, shughuli yake ya kila asubuhi ilikuwa kuhesabu mablanketi ndani ya Bweni la Pili, kwa sauti, akivuta pumzi ndefu baada ya kila kumi. Kumbukumbu ziliandikwa na Bi Beryl, afisa wa itifaki aliyehamishiwa Makobeni kutoka bara, mwenye kasi ya vidole na Kiswahili cha njia ya mkato.

Kamati ilikaa mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara. Vikao vitatu vya kwanza vilijadili urefu wa utepe. Cha nne kiliamua lianze kuzinduliwa dirisha la sita, ili la kwanza lisijione. Cha saba kilibishana hadi magharibi kama Mgeni Rasmi atafungua akiwa ndani au akiwa nje. Ikaamuliwa nje, kwa kuwa ndani kuna joto, na makomeo yote yakahamishiwa nje. Cha kumi na moja kiliandika barua ya kuuomba upepo uvume kutoka baharini saa nne asubuhi ya siku ya sherehe, ili mapambo yapepee kwenye picha.

"Mkubwa," aliuliza Beryl, kalamu hewani, "hapa kwa upepo niweke confirmed ama bado?"

"Andika 'unasubiriwa'."

"Na ukikataa kukam?"

"Serikali haikataliwi, Bi Beryl. Na neno hilo la mwisho usiliandike."

Mgeni Rasmi naye alisubiriwa. Mwezi wa Juni aliahirisha, kwa kuwa alikuwa ng'ambo akijifunza namna nchi nyingine zinavyopokea wageni. Mwezi wa Agosti aliahirisha tena: utepe ulikuwa wa manjano, nayo ndiyo rangi ya chama alichokuwa amekihama wiki iliyotangulia. Kamati ilikaa vikao sita ikatafuta rangi isiyo na chama, ikapata ya kijivu. Mwezi wa Oktoba alisikia kwamba mwenzake amezindua madirisha ishirini mahali fulani, akataka kujua kwa nini yeye apewe kumi na mawili. Alitulizwa kwa barua ya kurasa nne iliyoeleza kwamba kila dirisha la Makobeni lina mabamba mawili, na kwa hiyo, kwa hesabu ya haki, yeye ndiye mwenye mengi.

Huko bandani, chini ya makuti, wafungwa waliteseka kama ilivyoagizwa. Upepo uliwapiga mchana kutwa. Walicheza bao, walisuka mikeka, walibishana kwa sauti hadi askari wa zamu wakaingilia, wakatoa hoja zao wenyewe. Kombe alimaliza miezi sita ya dawa, mabega yakamjaa. Kila mwezi Husna aliwapima waliokohoa na wasiokohoa, na kila mwezi alipeleka jibu ofisini.

"Mzee, tangu wahamie bandani hakuna mgonjwa mpya."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na madirisha bado hayajafunguliwa?"

"Bado, mzee."

Bwana Abdulwahab aliinuka kitini, macho yakamlengalenga.

"Unaona nguvu zake, binti! Yamefungwa, na tayari yanafanya kazi."

Ripoti ikaenda makao makuu siku hiyo hiyo, nayo makao makuu yakajibu kwa pongezi, yakiomba maelezo zaidi kuhusu matumizi ya madirisha yaliyofungwa, ili magereza mengine yaige.

Katikati ya ufanisi huo, Kamati ilianza kukohoa.

Alianza Bwana Swabir. Mwenyekiti alimtazama kwa huruma.

"Ubani gani huo, Swabir?"

"Wa siku zote, Mwenyekiti. Wa dukani Ukunda."

"Umechakachuliwa. Lete udi."

Udi ulikuja, na kikohozi kikabaki. Wiki chache baadaye wajumbe sita walikuwa wakikohoa kwa zamu, na Beryl, akiwa mmoja wao, alilazimika kulipatia jambo hilo mahali katika kumbukumbu: "Wajumbe waliunga mkono hoja kwa kukohoa." Bwana Abdulwahab alitokwa jasho mbele ya kiyoyozi. Mkanda wake ulipita tundu la mwisho, akatoboa jingine kwa msumari, akajisifu moyoni kwamba anayelitumikia taifa hanenepi.

Husna alimngojea kwenye ukumbi.

"Shikamoo, mzee. Unakohoa tangu lini?"

"Sikohoi. Nasafisha sauti kwa ajili ya hotuba."

"Miezi miwili?"

"Ni hotuba ndefu."

"Nipe makohozi nikayapime, mzee wangu. Ni jambo la dakika."

"Binti," alisema Bwana Abdulwahab akijinyoosha, "makohozi ya Mkuu wa Gereza ni siri ya serikali."

Siri hiyo ingeweza kukaa hadi kaburini, kama si barua iliyofika mwanzoni mwa Desemba. Mgeni Rasmi alikuwa anakuja. Safari hii hakika. Tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Ofisi yake iliomba jambo moja dogo: cheti kwamba watu wote wa gereza wamepimwa kifua kikuu. Bwana Abdulwahab aliubusu ukingo wa ile barua. Jiwe lilikwisha kuchongwa, jina lake likiwa chini ya la Mgeni Rasmi kwa nafasi ya vidole vitatu tu. Akaamuru kila mtu apimwe, wafungwa kwanza, kwa kuwa ndio wenye shaka.

Majibu yalifika asubuhi ya tarehe kumi na tatu. Husna aliyasoma akiwa amesimama.

"Wafungwa mia moja na kumi na wawili: hakuna mgonjwa. Askari wa zamu ya banda: hakuna. Jikoni: hakuna." "Kamati ya Uzinduzi wa Madirisha: wajumbe tisa, wagonjwa sita. Nawe u mmoja wao, mzee. Pole sana."

"Karatasi zimechanganywa."

"Makohozi yamepimwa mara mbili."

"Haiwezekani. Sisi ndio tuliokuwa tukipambana na ugonjwa huu!"

"Mlikuwa mkipambana nao huku mmekomea mlango, mzee. Ugonjwa huu hauombi zaidi ya hapo: watu wale wale, hewa ile ile, saa nyingi. Mmoja akiwa nao, anatosha. Lakini unatibika. Alivyopona Kombe, nawe utapona."

Bwana Abdulwahab hakusikia habari ya kupona. Alisikia habari ya kesho saa nne. Wakienda hospitali, watu wataona. Watu wakiona, Mgeni Rasmi atasikia. Mgeni Rasmi akisikia, hatakuja, naye atastaafu mwisho wa mwezi huu bila jiwe, akipita kila Ijumaa chini ya jina la Rai.

"Tutajitenga wenyewe," akasema ghafla, "ndani ya Bweni la Pili. Pamepakwa rangi, ni pasafi, hapana mtu. Mgeni atazindua akiwa nje, makomeo yako nje, wala hatatukaribia. Hotuba nitaisoma nikiwa ndani."

"Mzee, mle hamna hewa. Mtapumuliana nyote sita."

"Ni usiku mmoja tu! Waliokaa mle walikaa miaka."

Alilisema hilo kama hoja ya kumtuliza. Husna akaenda kutafuta kiti.

Wakaingia. Vitanda sita vya chuma, madirisha kumi na mawili yaliyofungwa, na harufu ya rangi. Ilipofika adhuhuri, joto la Desemba lilikuwa limekaa juu yao kama mtu mnene. Beryl alijipepea kwa faili la itifaki. Wengine walivua mashati, jambo lisilopata kuonekana katika kikao.

Alasiri, Husna aligonga ubao wa dirisha la sita kwa nje.

"Mzee, dawa."

"Pitisha chini ya mlango."

"Haipitishwi chini ya mlango. Sharti nimwone kila mgonjwa akimeza, kwa macho yangu, kila siku. Ndiyo kanuni."

"Basi ingia."

"Katika hewa hiyo siingii, wala simwingizi askari. Ninacho kiti, nitakaa hapa. Dirisha likifunguka, dawa hii hapa."

"Usiku mmoja, binti! Kesho yatafunguliwa yote, kwa ngoma, kwa heshima!"

"Mimi nimekaa, mzee."

Hapo Bwana Swabir akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kilichowafanya wajumbe wote watazame upande mwingine, na hapakuwa na upande mwingine wa kutazama. Kilipokwisha alibaki ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Abdulwahab," akasema, akiwa amesahau vyeo vyote. "Tuliandikwa kazi siku moja, mimi na wewe. Sijapata kukuomba kitu. Sitaki ngoma. Nataka pumzi."

Bwana Abdulwahab alikuwa ameketi, hotuba mapajani, kurasa kumi na nane. Alitazama mifupa ya mabega ya Swabir ikichomoza ndani ya fulana, akatazama mkanda wake mwenyewe wenye tundu la msumari.

"Yakifunguliwa sasa," akasema polepole, "hakuna uzinduzi."

"Hakuna, mkubwa," alisema Beryl.

"Na hakuna jiwe."

"Na hakuna jiwe."

Alikunja hotuba mara mbili, kwa uangalifu, kingo zikalingana.

"Wajumbe waliopo ni wangapi?"

Beryl alihesabu vitanda. "Sita. Akidi imetimia."

"Kikao cha sabini na moja kimefunguliwa. Ajenda ni moja. Wanaoafiki madirisha—"

Mikono sita ilipanda kabla sentensi haijapata kitenzi chake. Kikao kilichukua dakika moja, na hadi leo hakuna Kamati ya serikali katika pwani yote iliyoivunja rekodi hiyo.

Tatizo lilikuwa kwamba makomeo yalikuwa nje, na vanishi ya miezi minane ilikuwa imeyagandisha mabamba. Husna alisukuma, akavuta, akashindwa. Ikabidi aitwe fundi aliyeyatengeneza. Kombe alikuja na patasi na askari wake, na nyuma yake, hadi kwenye waya wa banda, wafungwa wote wakasogea kusikiliza.

"Kombe!" alipaza sauti Bwana Abdulwahab kutoka ndani. "Fungua madirisha!"

"Shikamoo, mzee. Naomba nisikike kwanza. Waraka namba saba unasema mfungwa akigusa utepe, anapoteza msamaha wa siku zake. Mimi nimebakiwa na wiki tatu niende kwetu."

"Waraka umefutwa!"

"Umefutwa kwa mdomo au kwa maandishi, mzee?"

Kicheko kilipasuka kwenye waya. Ndani kukasikika karatasi ikichanwa, kalamu ikikimbia, na barua ikatokea chini ya mlango. Kombe aliiokota, akaisoma taratibu, akaigeuza kutazama nyuma.

"Haina muhuri."

"Kombe, mwanangu!"

"Basi, mzee, basi. Tusikosane." Akainua patasi. Kisha akaishusha. "Lakini hata sisi tuna adabu. Kitu kama hiki hakifunguliwi kimya kimya."

Akageukia waya, akajikohoza kwa mzaha, mikono nyuma.

"Waheshimiwa wafungwa wenzangu, afande wa zamu, dada muuguzi, na wageni wetu mlio ndani. Madirisha haya niliyatengeneza nikiwa nameza dawa. Sikujua namtengenezea nani. Leo nimejua. Itifaki imezingatiwa."

Utepe wa kijivu ukakatika. Ubao ukalia, ukaachia. La kwanza! wakaitikia mia moja na kumi na mmoja kwenye waya. La pili! Makofi, miluzi, masufuria yakipigwa. Askari wa zamu akajikuta anahesabu kwa sauti kuliko wote. Lilipofunguka la kumi na mbili, upepo wa bahari uliingia bila pasi na bila kupekuliwa, ukapita katikati ya vitanda, ukaichukua ile hotuba ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna mjumbe aliyeinuka kuifuata. Walikuwa wamefumba macho, vinywa wazi, wakipumua. Husna akaanza na Swabir. Vidonge vinne, gilasi ya maji. "Meza, baba. Nakuona."

Kesho yake msafara wa Mgeni Rasmi ulifika langoni saa nane, kwa sherehe ya saa nne. Kioo cha gari kilishuka upana wa vidole viwili.

"Yamefunguliwa na nani?"

"Na fundi, mheshimiwa," alijibu askari wa lango.

"Hakuna kingine cha kuzindua?"

"Lango hili tu, mheshimiwa, lakini linatumika tangu enzi za mkoloni."

Kioo kikapanda, msafara ukageuka, na vumbi likaingia ndani badala yao.

Wajumbe sita waliendelea kukaa Bweni la Pili, wakisubiri makohozi yao yatangazwe kuwa safi. Wafungwa walipoulizwa kama wangependa kurudi ndani wakati mwingine, waliandika barua ya heshima wakiomba adhabu yao iendelee. Siku za wageni, Husna aliruhusu wafungwa waje kuwajulia hali wagonjwa dirishani.

Jumamosi ya wiki ya tatu alikuja Kombe, kavaa shati lake la nyumbani, mfuko wa nailoni mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kombe. Unakwenda?"

"Nakwenda, inshallah, nimekuja kuwaaga. Nyinyi mnatoka lini?"

Bwana Abdulwahab alimtazama Husna, aliyekuwa akihesabu vidonge. "Ajuaye ni muuguzi."

"Vumilieni. Siku zinakwenda. Mezeni dawa, mtii wakubwa wenu, msigombanie kitanda." Kombe aliegemea ukingo wa dirisha kwa viwiko vyote viwili, mabega yake mapya yakalijaza kutoka nondo hii hadi ile.

Mzee alijisogeza kitandani upande huu, akajisogeza upande ule, shingo akiinyoosha.

"Kombe, mwanangu," akasema kwa upole, "sogea kando kidogo. Unatuzibia upepo."

"Naam, mzee," alijibu Kombe, bila kutikisika. "Nisogee sasa hivi, au tuunde kamati?"